Adabu za Uigizaji wa Njozi kwa Maandishi

Uigizaji wa njozi kwa maandishi ni mchezo wa watu wawili au zaidi wanaotunga hadithi moja kwa zamu kupitia intaneti, kila mmoja akiwa na mhusika wake. Huyu anaandika kwamba mwindaji wake ameingia katika nyumba ya wageni akiwa amelowa mvua. Yule anajibu kwamba mwenye nyumba amemtazama kwa mashaka. Wa tatu, ambaye pengine yuko bara jingine na hajawahi kuonana na wenzake ana kwa ana, anaandika kwamba kwenye kona kuna bibi kizee anayewasikiliza wote wawili. Hakuna picha wala sauti, na mara nyingi hakuna hata programu ya kuhesabu pointi. Kuna maneno tu, na katika mchezo huu neno likishaandikwa ni tendo lililotendeka. Mlango haufunguki mpaka mtu aandike kwamba umefunguka.

Adabu zote za mchezo zinatoka hapo. Mpira una mwamuzi na mistari ya chokaa; bao lina mashimo na kete zinazohesabika. Mwigizaji wa maandishi hana kizuizi cha namna hiyo. Anaweza kuandika kwamba joka limekufa, kwamba mfalme ni baba yake, kwamba mwenzake ameanguka akiomba msamaha. Kinachomzuia ni makubaliano kati yake na wenzake, nayo yameundwa polepole, kwa miongo kadhaa, na watu waliokosana na kupatana. Yakivunjwa, hadithi haina pengine pa kusimama.

Machimbuko ya mchezo ni mawili. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha nchini Marekani mchezo wa Dungeons & Dragons, ambamo wachezaji huketi mezani, kila mmoja na mhusika wake, na msimamizi hueleza dunia ilivyo na kuamua matokeo kwa msaada wa dadu. Miaka minne baadaye, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, Roy Trubshaw alianza kuandika programu aliyoiita MUD, na Richard Bartle akaiendeleza. Iliwawezesha watu kadhaa kuingia kwa wakati mmoja katika dunia iliyoelezwa kwa maandishi matupu. Mchezaji aliandika amri fupi ya kwenda kaskazini, kuokota au kupigana, na kompyuta ikamwambia kilichotokea. Dunia za kizazi hicho, pamoja na zile za ukoo wa DikuMUD zilizoanzia Chuo Kikuu cha Copenhagen mwanzoni mwa miaka ya 1990, zilikuwa na mwamuzi asiyechoka wala kupendelea: kompyuta ndiyo iliyosema kama upanga umepata au umekosa.

Mambo yalibadilika mwaka 1989, Jim Aspnes wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alipotengeneza TinyMUD. Aliondoa mapigano na pointi, akawaacha wachezaji wajenge vyumba na kuzungumza. Programu zilizozaliwa kutokana nayo, hasa za ukoo wa MUSH, zilimpa mchezaji amri rahisi ya kueleza tendo lolote la mhusika wake kwa sentensi kamili, na kompyuta ikaifikisha sentensi hiyo kwa wote waliomo chumbani bila kuuliza kama tendo lenyewe linawezekana. Mwamuzi alikuwa ametoka uwanjani. Tangu hapo swali la nani ana haki ya kuandika nini limekuwa la watu wenyewe. Lilihamia nao kwenye vyumba vya gumzo vya miaka ya 1990, kisha kwenye majukwaa ambako ujumbe unaweza kungoja jibu siku tatu, na baadaye kwenye seva za Discord, huduma ya gumzo iliyoanzishwa mwaka 2015.

Kanuni ambayo makundi mengi huiandika juu kabisa ya masharti yao ni kwamba mhusika ni mali ya aliyemtunga. Dunia ni ya wote na matukio ni ya wote, lakini anachotenda mhusika, anachosema, anachowaza na kinachoupata mwili wake huandikwa na mwenyewe peke yake. Mfano wa wazi wa kuivunja ni huu: "Saburi akachomoa upanga, akamkata Ndovu mkono, Ndovu akapiga magoti akilia." Kwa sentensi moja mwandishi ameigiza watu wawili na kumaliza pambano kabla mwenzake hajagusa kibodi. Wachezaji huliita kosa hili kujifanya mungu, na jina hilo limekaa mahali pake, kwa kuwa aliyelitenda amejipa uwezo ambao hakuna mhusika yeyote ndani ya hadithi aliye nao: uwezo wa kuamua yaliyomo katika nafsi ya mwingine.

Namna inayokubalika ni kuandika jaribio na kuyaacha matokeo: "Saburi anachomoa upanga na kuushusha kwa nguvu zake zote, akiulenga mkono wa kulia wa Ndovu." Sasa mwenye Ndovu ana la kufanya. Anaweza kumfanya akwepe, akinge kwa ngao, apate mchubuko, au aupoteze mkono kweli na hadithi igeuke kuwa ya shujaa anayejifunza kushika upanga kwa kushoto. Kiswahili kina mtego wake katika jambo hili. Kiambishi -ka-, kinachoibeba ngano kutoka tukio hadi tukio, hulifunga tendo. Aliyesikia "akampiga" amekwisha kuambiwa kwamba pigo limefika. Kinamfaa msimulizi mmoja anayejua mwisho wa hadithi yake, na kinamponza mwigizaji asiyejua mwenzake ataamua nini. Mwenye kuigiza kwa Kiswahili hupata nafuu katika -na- ya wakati uliopo, katika -ki-, na katika vitenzi vya nia: kulenga, kukusudia, kujaribu, kunyoosha mkono kuelekea. Hata mbinu ya kusema "anataka kumshika bega" ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana, maana inamwachia mwenye bega uhuru wa kulisogeza.

Kosa hilohilo lina sura nyingine iliyojificha zaidi. Mtu haandiki tendo la mwenzake, ila anaandika hali isiyoacha nafasi ya tendo jingine lolote. Chumba kinajaa moshi ambao hakuna awezaye kuukimbia. Macho ya mhusika wake "yanamjaza kila mtu hofu". Uzuri wake "unaiteka mioyo ya wote waliomo". Hofu na mapenzi ni mambo ya ndani ya mhusika, na mlango wa ndani humo unafunguliwa na mwenyewe tu. Mwandishi anaweza kueleza jinsi macho yalivyo mekundu na sauti ilivyo nzito. Kama Ndovu ataogopa, mwenye Ndovu ndiye atakayesema. Wanaokosea hivi mara nyingi ni watu wema waliolelewa na riwaya, na katika riwaya mwandishi ana haki juu ya mioyo yote. Wanahitaji kuelezwa, na kuwakemea hadharani ni kuwapoteza wasomaji wazuri ambao wangekuwa waandishi wazuri.

Kwa upande wa pili yuko mhusika asiyeguswa. Kila mshale unampita pembeni, kila laana inamrudia aliyeituma, kila sumu anayo dawa yake mfukoni. Mwenye mhusika huyu hajaandika chochote juu ya mwili wa mwingine, hivyo kwa kufuata kanuni neno kwa neno hana hatia. Lakini haki ya kuamua kinachompata mtu wake imefungamana na wajibu wa kupokea sehemu ya mapigo kwa uaminifu, la sivyo wenzake wanabaki wanapiga hewa. Makundi yaliyochoshwa na watu wa namna hii yamerudisha dadu, ambazo kwenye Discord hurushwa na programu ndogo iliyowekwa ndani ya seva. Mengine humtegemea msimamizi. Njia iliyo bora, kwa wanaoaminiana, ni ya waandishi wawili kuafikiana mapema, nje ya hadithi, nani atashinda. Ikishajulikana kwamba Ndovu atashindwa, hakuna anayejitetea tena. Wote wawili wanaielekeza akili yao kwenye namna ya kushindwa kwake, na mapambano mazuri kuliko yote ya mchezo huu huandikwa katika hali hiyo.

Ridhaa inaweza pia kulegeza kanuni. Watu waliozoeana huruhusiana kuandika mambo madogo, kama kutembea pamoja hadi sokoni au kupokea kikombe kilichotolewa, ili hadithi isikwame katika kila hatua ya mguu. Wahusika wa pembeni wasio na mwenyewe, yaani askari wa lango, muuza samaki, mbwa aliyelala barazani, huweza kuigizwa na yeyote. Kinachotakiwa ni kwamba ruhusa iwe imetolewa kwa maneno. Ruhusa ya kudhaniwa ndiyo mama wa ugomvi.

Mwanahistoria wa Uholanzi Johan Huizinga, katika kitabu chake Homo Ludens cha mwaka 1938, alimtenga mdanganyifu na mharibifu wa mchezo. Mdanganyifu anavunja sheria kwa siri, na kwa siri hiyo anakiri kwamba mchezo upo. Mharibifu anauvunja mchezo wenyewe, na jamii ya wachezaji humwona mbaya zaidi. Katika uigizaji wa maandishi udanganyifu wa siri ni mgumu, kwa sababu kila kitu kimeandikwa na kila mtu anakisoma. Karibu kila kosa, hata likifanywa kwa nia njema, linaangukia upande wa uharibifu. Hiyo ndiyo sababu makundi haya, ambayo nje yanaonekana ya watu wanaocheza tu, huwa na masharti marefu na huyasimamia kwa ukali.

Kusoma kila kitu kuna matatizo yake. Mchezaji anajua yaliyotokea katika chumba cha siri cha mfalme kwa kuwa ameyasoma jana usiku. Mhusika wake, aliyekuwa shambani, hajui. Katika ngano, mtoto anayesikiliza anajua kwamba aliyebisha hodi ni fisi, na utamu wote unatokana na kwamba aliyemo ndani ya nyumba hajui. Mwigizaji anatakiwa kuwa wote wawili kwa pamoja: mtoto anayejua na mwenye nyumba anayekwenda kufungua mlango. Anayemfanya mhusika wake achukue rungu kabla ya kufungua, bila sababu yoyote ndani ya hadithi, ameuchukua ujuzi wa msikilizaji na kumpa mtu asiyestahili kuwa nao. Kosa hili huua mafumbo, usaliti, ujasusi na kila hadithi inayotegemea mtu kutojua.

Linazidi kuwa gumu pale ambapo mawazo ya mhusika yanaandikwa waziwazi. Mmoja anaandika: "Saburi anatabasamu, ingawa moyoni anamwona Ndovu kuwa mpumbavu." Mwenye Ndovu anakasirika, na Ndovu anajibu kwa ngumi tusi ambalo halikutamkwa. Kwa kawaida lawama hupewa aliyejibu. Aliyeanza naye hajatoka salama: amemtukana mwenzake mahali pasipofikika, akajificha nyuma ya moyo wa mhusika wake. Makundi mengine yamepiga marufuku kuandika mawazo kabisa, na hilo ni kuzidisha, kwa sababu mawazo ndiyo yanayompa mhusika kina. Linalotosha ni kwamba wazo liache dalili inayoonekana. Tabasamu lisilofika machoni, jibu lililochelewa, mkono uliorudishwa mfukoni: dalili kama hizo Ndovu anaweza kuziona, kuzitafsiri vibaya, au kuzipuuza, na kila mojawapo ni mwanzo wa jambo.

Kosa jingine liko katika kumtunga mhusika mwenyewe. Mwaka 1973 Paula Smith, shabiki wa mfululizo wa Star Trek, aliandika kisa kifupi cha dhihaka kuhusu msichana aitwaye Mary Sue, luteni mdogo kuliko wote katika kikosi, anayejua kila kitu na kupendwa na kila mtu. Jina hilo limebaki hadi leo kuwa la mhusika mkamilifu kupita kiasi. Katika uigizaji wa njozi mhusika huyo ni wa mwisho wa ukoo uliotoweka, wazazi wake waliuawa, macho yake hubadilika rangi kwa hasira, na uchawi wake haujapata kuonekana tangu enzi za kale. Wazee wa mchezo huwacheka wanaomleta, na kicheko hicho si cha haki, kwa kuwa wengi wao walianza hivyohivyo. Swali la kufaa kuulizwa ni kwa nini ukamilifu uwe kosa la adabu na usiwe udhaifu wa sanaa tu. Jibu liko kwa wenzake. Mhusika asiyehitaji msaada hawapi wengine kazi. Asiyekosea hawapi nafasi ya kumsahihisha, asiyejua hofu hawapi nafasi ya kumtia moyo. Udhaifu wa mhusika ni mwaliko, na aliyemtunga mtu asiye na udhaifu amefunga mlango huku akilalamika kwamba hakuna anayemtembelea.

Pale ambapo dunia imekopwa kutoka kitabu, tatizo la mhusika anayewanyima wenzake kazi huja kwa umbo jingine. Elendor, iliyoanza mwaka 1991 juu ya dunia ya J. R. R. Tolkien, ni mojawapo ya dunia za MUSH zilizodumu muda mrefu, na katika dunia za aina hiyo wahusika mashuhuri hawachukuliwi na yeyote apendaye. Huombwa, na mwombaji huthibitisha kwamba anakijua kitabu na ana muda. Mtu akimchukua mfalme kisha akaonekana mara moja kwa mwezi, ufalme mzima husimama.

Sasa kuhusu ujumbe wenyewe. Malalamiko ya kawaida ni juu ya ufupi: mtu anaandikiwa aya tatu zilizopangwa kwa uangalifu, naye anajibu "Anaitikia kwa kichwa." Urefu wenyewe haudhuru. Katika mabishano ya haraka, sentensi moja kwa sentensi moja inaweza kupendeza kama kujibizana kwa mafumbo. Kinachodhuru ni jibu lisilompa mwenzake kitu cha kushika. Ngonjera, zilizopata umaarufu Tanzania kwa kazi ya Mathias Mnyampala, zinaonyesha jambo hili vizuri: kila ubeti hujibu uliotangulia na kutupa hoja mpya ambayo ubeti ujao hauwezi kuikwepa. Ujumbe mzuri wa uigizaji hufanya kazi hizo mbili. Unapokea kilichotolewa, kisha unatoa. Keith Johnstone, mwalimu wa maigizo ya papo kwa papo, alieleza katika kitabu chake Impro cha mwaka 1979 kwamba mwigizaji humpa mwenzake pendekezo katika kila tendo, na kwamba kulizuia pendekezo ndiyo njia ya haraka ya kuua onyesho. Katika maandishi kuzuia huonekana hivi: mmoja anasema kuna mlango nyuma ya pazia, wa pili anaandika kwamba hakuna pazia. Anayeona kwamba mlango huo unaharibu mpango wake anaweza kuandika kwamba umefungwa, kwamba unanuka maiti, au kwamba mhusika wake anauogopa. Akisema haupo, amefuta sentensi ya mwenzake, na kufuta ni jeuri hata kama kumefanywa kwa lugha ya upole.

Wapo pia wanaokosea kwa kuzidisha. Aya kumi za kueleza vazi, mwezi na huzuni ya zamani humwacha mwenzake akitafuta, kama mtu anayetafuta sindano ndani ya mchanga, ni tendo gani anatakiwa kulijibu. Mara nyingine aya hizo zimebeba matendo sita mfululizo: mhusika ameingia, amesalimu, ameketi, ameagiza chakula, amekula, ameondoka. Aliyetaka kumjibu kwenye salamu amekuta kiti kitupu. Ujumbe unapaswa kukoma pale ambapo mwingine angependa kuingilia.

Kuna kosa dogo la lugha ambalo huleta fujo kubwa. Kiingereza kwa kawaida humfanya mwandishi ataje jinsia ya mhusika kwa kiwakilishi, na mgeni asiyesoma maelezo ya mhusika mara nyingi hukosea na kusahihishwa. Kiswahili hakina tabu hiyo, kwani "yeye" ni wa wote. Kina tabu nyingine: wahusika watatu wakiwa katika aya moja, na kila kitenzi kikianza na a-, msomaji hajui nani amempiga nani. "Alimtazama, akamkabidhi barua, akaondoka" ni sentensi safi kwa watu wawili na ni balaa kwa wanne. Kurudia majina, ambako katika insha kungehesabiwa kuwa uzembe, hapa ni heshima kwa msomaji. Heshima kubwa zaidi ni kusoma ujumbe wote wa wenzake kabla ya kuandika wa kwako. Mhusika anayesalimia watu waliokwisha kutoka, au kuuliza jambo lililojibiwa sasa hivi, huwaambia wengine kwamba maneno yao hayakusomwa, na katika mchezo ambao hauna kitu kingine ila maneno, dharau hiyo huumiza.

Mpaka kati ya yaliyo ndani ya hadithi na yaliyo nje unahitaji alama, maana sauti ni ileile moja ya maandishi. Desturi iliyoenea ni kuweka maneno ya nje ndani ya mabano mawili mawili, au kuyapeleka kwenye chumba kingine kabisa. Maneno ya mhusika hukaa ndani ya alama za mtajo, na kwenye gumzo matendo mara nyingi hufungwa kwa vinyota. Asiyezitumia alama hizi humfanya mwenzake ashindwe kujua kama "nimechoka" imesemwa na mwindaji aliyetembea siku mbili au na mtu halisi anayetaka kulala. Kuvuka mpaka kila dakika kwa utani na salamu nako kunavunja hadithi, kama vile watazamaji wanaopigiana simu ukumbini.

Mpaka wenyewe, hata ukichorwa vizuri, hauzuii kila kitu kupita. Mtu aliyeigiza chuki ya mhusika wake kwa wiki tatu huanza kuhisi kwamba anachukiwa. Mapenzi ya wahusika huwafanya waandishi wawili wadhani kwamba nao wanapendana. Waigizaji wazoefu hutuma neno la nje baada ya onyesho kali, kumwambia mwenzao kwamba alicheza vizuri na kwamba hasira ilikuwa ya Saburi. Desturi hii inachukua sekunde kumi na imeokoa urafiki mwingi.

Tukio linalojulikana zaidi katika historia ya dunia hizi lilitokea LambdaMOO, dunia ya maandishi iliyoanzishwa mwaka 1990 na Pavel Curtis katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, California. Mwandishi Julian Dibbell alilieleza katika gazeti la Village Voice la New York mnamo Desemba 1993. Mchezaji mwenye mhusika aliyeitwa Mr. Bungle alitumia programu ndogo iliyomwezesha kutoa sentensi zilizoonekana kana kwamba ni matendo ya wahusika wa wengine, akawaandikia hadharani matendo ya udhalilishaji wa kijinsia na ya kujidhuru. Hakuna mwili ulioguswa. Hata hivyo mmoja wa waliotendewa alimweleza Dibbell kwamba alipokuwa akiandika malalamiko yake alikuwa akitokwa na machozi ya kweli. Wachezaji walikusanyika kujadili adhabu na wakaachana bila uamuzi. Kisha mmoja wa wasimamizi wa kiufundi akamfuta Mr. Bungle kwa hiari yake, na Curtis baadaye akaweka utaratibu wa maombi na kura ili jamii iamue mambo yake.

Tukio hilo hujadiliwa zaidi kama swali la sheria na madhara. Kwa mchambuzi wa adabu, jambo la kuzingatiwa ni namna lilivyofanyika. Silaha iliyotumika ilikuwa sentensi yenye jina la mwingine mbele ya kitenzi, yaani kosa lilelile la mtu anayeandika "Ndovu akapiga magoti akilia", likiwa limefikishwa mwisho wake. Tofauti ya ukubwa ni kama mbingu na ardhi, lakini aina ni moja, na anayeona kanuni ya umiliki wa mhusika kuwa urasimu wa wapenda masharti hajaufikiria upande huo.

Kwa hiyo mambo mazito yanahitaji ridhaa ya wazi kabla hayajaandikwa: mateso, ubakaji, kifo cha mtoto, kuharibika kwa mimba, kujiua. Michezo ya mezani imetoa zana mbili ambazo waigizaji wa maandishi wamezichukua. Ron Edwards alipendekeza mwaka 2003 kutenganisha mambo yasiyotajwa kabisa na yale yanayotokea nyuma ya pazia, na John Stavropoulos alibuni kadi yenye alama ya X ambayo mchezaji yeyote huigusa ili jambo liachwe bila kuulizwa sababu. Maandishi yana faida yake: aliyefikiwa na jambo zito anaweza kuomba ujumbe ufutwe au uandikwe upya. Umri ni suala lisilo na mjadala. Mtu mzima haigizi mapenzi wala ngono na mtoto, hata kama wahusika wao wana miaka 300 kila mmoja, na kundi lisilojua umri wa watu wake halipaswi kuruhusu maonyesho hayo mahali ambapo kila mtu anaingia.

Yaliyobaki ni ya kuishi pamoja. Mgeni hupiga hodi: huuliza nje ya hadithi kama onyesho liko wazi kabla ya kumwingiza mhusika wake katikati ya mazungumzo ya faragha. Zamu hufuatwa, na anayeandika haraka huwangoja wanaoandika polepole, hasa wale wanaoandika kwa lugha ambayo si yao ya kwanza. Kumsukuma mtu kila saa kwa kumuuliza jibu liko wapi ni kusahau kwamba ana kazi, masomo na watoto. Msimamizi anayewapa marafiki zake matukio yote makubwa huona kundi likipungua bila mtu kusema neno. Bartle aliandika mwaka 1996 kwamba wachezaji wa MUD ni wa aina nne, wapenda mafanikio, wapenda kuchunguza, wapenda watu na wapenda kuua, na ugomvi mwingi unaoonekana kuwa wa tabia ni wa watu wawili waliokuja kutafuta vitu tofauti. Mmoja alitaka kushinda vita, mwingine alitaka kuandika mazishi. Wakiulizana mapema, wanaweza kupata vyote viwili.

Kifo cha mhusika hakiji bila idhini ya mwenyewe, isipokuwa pale ambapo kundi limetangaza tangu mwanzo kwamba mtu anaweza kufa, kama ilivyokuwa katika MUD ya Essex, ambako kuuawa vitani kulimfuta mhusika moja kwa moja. Kutoweka kwa mchezaji ni jambo gumu zaidi, kwa sababu hutokea kila wakati na mara nyingi bila ubaya wowote: mtihani, uzazi, umeme, kuchoka. Anayeweza kuaga huaga, na huandika ujumbe wa mwisho unaomtoa mhusika wake ili wenzake wasibaki wanamsemesha mtu asiyejibu. Asiyeweza husubiriwa muda uliokubaliwa, kisha wenzake humwandikia safari: kwamba ameonekana alfajiri akielekea bandarini, na mzigo mdogo begani. Hawamwandikii maneno ya kwaheri wala sababu ya kuondoka. Hayo ni yake, na yanabaki yakimngoja siku atakaporudi.